Kumi Iliyo Ndogo Kuliko Nne: Namba za Msingi Tatu na Sarufi ya Kuhesabu katika Kiswahili

1.0 Utangulizi



Naomba nianze mhadhara huu kwa kuungama kosa. Nilipokuwa mwalimu kijana wa Hisabati katika shule moja ya sekondari, nilifundisha somo la mifumo ya namba. Niliandika ubaoni tarakimu mbili, 10, nikaeleza kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyodai, kwamba zikisomwa katika mfumo unaojengwa juu ya tatu, thamani yake ni tatu. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Samahani mwalimu, kumi inakuwaje ndogo kuliko nne?" Darasa likacheka. Nami, badala ya kumjibu, nikamwambia aulize tena kwa Kiingereza. Aliketi kimya, na swali lake likafia pale pale.

Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba swali lile lilikuwa la maana kuliko somo nililokuwa nikilitoa. Mwanafunzi yule hakushindwa hesabu. Alikuwa ameona kwamba tunatumia jina moja kwa vitu viwili, akataka kujua ni kipi kati ya hivyo kinachoitwa kumi. Hilo ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la hisabati, na ndiyo sababu nimethubutu kulileta mbele ya hadhara ya wanazuoni wa Kiswahili.

Mada yangu ni kuhesabu na kuandika namba kwa msingi tatu. Nitaeleza kwanza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi. Kisha nitaonyesha umbo lake la pili, lenye kutumia kujumlisha na kutoa kwa pamoja. Halafu nitagusia historia ya mashine zilizojengwa juu yake. Katika yote hayo nitakuwa nikiuliza swali moja: je, sarufi ya Kiswahili inatupa nyenzo za kuyasema mambo haya waziwazi, au hatuna budi kuazima lugha nyingine kila tunapofikia fikra dhahania?

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Nimesema "msingi tatu", wala sikusema "msingi wa tatu". Katika Kiswahili kihusishi -a kikifuatwa na jina la namba huleta maana ya mpangilio: mtoto wa tatu, mlango wa tatu. "Msingi wa tatu" kwa hiyo ni msingi unaofuata baada ya wa pili. "Msingi mtatu" nayo haisemeki, kwa kuwa hatuhesabu misingi. Tunachotaka ni kuutaja msingi kwa jina la namba inayoubeba, nasi tuna mfano wa namna hiyo katika usemi wa kila siku tunapotaja saa tatu au namba tatu bila kuweka kihusishi katikati. Nitashika njia hiyo.

2.0 Namba, Jina la Namba na Alama ya Namba

Hatuna budi kutenganisha mambo matatu ambayo mazoea yameyashikamanisha. Kuna namba yenyewe, yaani wingi. Kuna jina la namba, ambalo ni neno katika lugha fulani. Na kuna alama ya namba, yaani tarakimu tunazoziandika. Wingi wa vidole vya mikono miwili haubadiliki kwa kuitwa kumi, ashara au ten, wala kwa kuandikwa 10 au X. Mwanafunzi wangu aliona alama 10 akatamka jina "kumi" kwa sababu hakuwahi kuziona zimeachana.

Kwamba majina na kiasi ni vitu mbalimbali si jambo geni kwa msemaji wa Kiswahili. Wiki yetu ina siku mbili za tano: Jumatano, ambayo ni ya tano tukianza na Jumamosi, na Alhamisi, ambayo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Siku hizo hukaa jirani, wala hakuna anayepotea njia. Hali kadhalika, saa yetu moja ya asubuhi ni saa saba ya wanaohesabu kuanzia usiku wa manane. Tumezoea kuishi na mahali pawili pa kuanzia. Kuishi na misingi miwili ya kuhesabia si jambo la mbali sana na hilo.

Tukiyatazama majina yenyewe ya namba za Kiswahili tunaona tabaka zaidi ya moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, pamoja na ishirini, thelathini na makumi yote yaliyosalia, mia na elfu. Laki imetoka Bara Hindi. Majina ya zamani ya namba tatu zilizobadilishwa hayakupotea kabisa. Tandatu, jina la kale la sita, lingali hai katika lugha kadhaa za Kibantu. Fungate, jina la saba, limebaki kuwa jina la siku za maarusi baada ya harusi. Kenda, jina la tisa, limo katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa.

Katika tabaka hilo la kale mna dalili za kuhesabu kwa kukusanya mafungu yaliyo sawa. Katika Kikuyu tatu ni ithatu na sita ni ithathatu. Nne ni inya na nane ni inyanya. Sita ni tatu iliyokaririwa, na nane ni nne iliyokaririwa, kama mtu anavyoonyesha vidole vitatu vya mkono huu na vitatu vya mkono ule. Jina letu la nane lina ukariri huohuo. Sidai kwamba Wabantu wa kale walihesabu kwa msingi tatu, la hasha. Msingi wao ulikuwa kumi. Ninachodai ni kwamba lugha ya namba ilijengwa kwa vitendo vya kujumlisha na kukariri, na kwamba vitendo hivyo vingali vinaonekana ndani ya maneno.

Liko jambo jingine la kisarufi ambalo nitalirejea. Namba zetu hazifanyi kazi kwa namna moja. Moja hadi tano, pamoja na nane, ni vivumishi vinavyochukua upatanisho: watu watatu, miti mitatu, vitu vinane. Sita, saba na tisa ni vivumishi visivyobadilika. Lakini kumi, mia, elfu, laki na milioni zina tabia ya nomino. Zina wingi wake, makumi, mamia, maelfu, malaki, mamilioni, nazo zenyewe huhesabiwa: mia tatu, elfu nane, na katika Kiswahili cha zamani makumi mawili. Tazameni ni namba zipi hizo. Ni zile hasa ambazo mfumo wetu wa kuhesabu umezifanya kuwa nguzo. Hatusemi *maishirini wala *mathelathini, kwa sababu hizo si nguzo. Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili inatuambia msingi wetu ni upi: namba inapogeuka kutoka kivumishi kinachohesabu vitu, ikawa nomino inayohesabiwa, hapo ndipo inapokuwa msingi.

3.0 Kuhesabu kwa Msingi Tatu

Tuchukue mfano wa sokoni. Muuza machungwa amemwaga machungwa yake juu ya mkeka, naye anayapanga mafungu. Ameamua kwamba kila yakifika machungwa matatu ni fungu. Mafungu matatu huyaweka katika kikapu. Vikapu vitatu huvifunga katika gunia. Yeye hana kamwe haja ya kuhesabu kupita mbili: machungwa yasiyo na fungu ni sifuri, moja au mawili, kwani yakifika matatu huwa fungu, mafungu yasiyo na kikapu ni sifuri, moja au mawili, na vikapu vivyo hivyo.

Tuseme mwisho wa kazi ana gunia moja, vikapu viwili, hana fungu lililosalia, na ana machungwa mawili. Ataandika 1202. Sisi tunaohesabu kwa makumi tutapiga hesabu hivi: gunia lina machungwa 27, vikapu viwili, kila kimoja 9, ni 18, mafungu hakuna, na mawili ya mwisho. Jumla ni machungwa 47. Machungwa ni yaleyale. Yeye ameandika 1202, sisi tumeandika 47, wala hakuna aliyekosea.

Huo ndio mfumo wote. Katika msingi kumi nafasi za tarakimu, kutoka kulia kwenda kushoto, ni za mamoja, makumi, mamia na maelfu, kila moja ikiwa mara kumi ya jirani yake. Katika msingi tatu ni za moja, tatu, tisa, ishirini na saba, themanini na moja, kila moja ikiwa mara tatu ya jirani yake. Tarakimu zinazohitajika ni tatu tu: 0, 1 na 2. Kuhesabu kunakwenda hivi: 1, 2, 10, 11, 12, 20, 21, 22, 100. Hiyo 100 ya mwisho ni tisa.

Mtu akitaka kuigeuza namba ya msingi kumi kuwa ya msingi tatu, na agawanye kwa tatu mfululizo, akiandika masalio. Arobaini na saba kwa tatu ni 15, salio 2. Kumi na tano kwa tatu ni 5, salio 0. Tano kwa tatu ni 1, salio 2. Moja kwa tatu ni 0, salio 1. Masalio yakisomwa kutoka la mwisho kurudi la kwanza ni 1, 2, 0, 2. Tumerudi kwa muuza machungwa wetu.

Kujumlisha hakuna kanuni mpya, ila kumbukumbu ya kwamba fungu linajaa kwa tatu. Tujumlishe 1202 na 121, yaani 47 na 16. Katika nafasi ya kulia, mbili na moja ni tatu: andika 0, peleka 1. Nafasi inayofuata, sifuri na mbili na moja iliyopelekwa ni tatu: andika 0, peleka 1. Kisha mbili na moja na moja ni nne, yaani fungu moja na moja zaidi: andika 1, peleka 1. Mwisho, moja na moja ni mbili. Jibu ni 2100, nalo ni ishirini na saba mara mbili na tisa mara moja, yaani 63. Na jedwali la kuzidisha, ambalo watoto wetu hulikariri kwa miaka, hapa lina mstari mmoja tu wa kukumbukwa: mbili mara mbili ni 11.

Sehemu za namba nazo zina funzo. Theluthi moja, ambayo katika msingi kumi huandikwa 0.333 bila kikomo, katika msingi tatu ni 0.1 tu. Nusu, ambayo kwetu ni 0.5, huko ni 0.111 bila kikomo. Hivyo desimali isiyokoma si tabia ya namba yenyewe. Ni tabia ya namba hiyo ikikutana na msingi fulani. Kila msingi una mambo unaoyasema kwa wepesi na mambo unaoyasema kwa shida. Wanaisimu waliomo humu watakubali kwamba lugha nazo ni hivyo hivyo.

Sasa, je, 1202 tuisome vipi? Tukisema "elfu moja mia mbili na mbili" tumesema uongo, maana hakuna elfu wala mia hapo. Hilo ndilo kosa lililozaa swali la mwanafunzi wangu: kumi ni jina la wingi wa vidole, si jina la alama 10. Njia ya kwanza ni kutaja tarakimu mojamoja: moja, mbili, sifuri, mbili, za msingi tatu. Njia ya pili ni kuifuata sarufi yetu wenyewe. Tumesema kwamba msingi ni namba iliyofanywa nomino. Basi kama tunavyosema mamoja, makumi na mamia, tuseme mamoja, matatu na matisa. Muuza machungwa ana matisa mawili, matatu hayapo, mamoja mawili. Najua ndugu zetu wa Kenya watatabasamu, kwani kwao matatu ni gari la abiria. Lakini hata jina hilo, ambalo inaelezwa kuwa limetokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi, ni ushahidi wa jambo ninalolisema: kivumishi cha namba kimegeuka nomino kamili, na watu wanayahesabu matatu barabarani kila siku.

4.0 Mizani na Neno "Kasoro"

Nakuja kwenye umbo la pili la msingi tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokigusa Kiswahili zaidi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1202, Liber Abaci, Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, alieleza fumbo la mawe ya mizani, na Mfaransa Claude-Gaspard Bachet de Méziriac akalieneza katika kitabu cha mwaka 1612. Fumbo ni hili: mfanyabiashara mwenye mizani ya vitanga viwili anahitaji mawe mangapi ili apime kila uzito kamili kuanzia 1 hadi 40?

Jibu la haraka ni la kuzidisha kwa mbili, nalo wapwani walilijua katika vipimo vya nafaka: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa njia hiyo mfanyabiashara atahitaji mawe sita, ya 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Lakini jibu bora ni mawe manne tu: 1, 3, 9 na 27. Siri yake ni kwamba jiwe linaweza kuwekwa upande wowote wa mizani. Likiwekwa kitanga cha pili linajumlishwa. Likiwekwa pamoja na bidhaa linatolewa. Likiachwa chini halihesabiwi. Kila jiwe lina hali tatu, hivyo mawe manne yana mipangilio 81. Mmoja ni wa mizani mitupu, na themanini iliyobaki huenda jozi jozi, mmoja kinyume cha mwenziwe, zikafanya uzito arobaini. Kupima kilo tano, kwa mfano, weka jiwe la tisa upande mmoja, na mawe ya tatu na moja upande wa bidhaa.

Semeni hilo kwa Kiswahili: tano ni tisa, kasoro tatu, kasoro moja. Neno kasoro tunalitumia kila siku. Saa tatu kasoro robo. Mia kasoro moja. Lugha yetu, kando ya "na" ya kujumlisha, ina neno la kutoa linaloingia ndani ya jina la namba bila kulivunja. Nasi si peke yetu Afrika. Wayoruba wa Nigeria huitaja 15 kuwa ishirini iliyopungua tano, na 19 kuwa ishirini iliyopungua moja. Kutaja namba kwa upungufu wake ni njia ya kale na ya heshima.

Katika umbo hili la pili, tarakimu si 0, 1 na 2, bali ni tatu zenye mizani: moja ya kujumlishwa, sifuri, na moja ya kutolewa. Ili nisitumie alama ngeni nitaziandika M kwa moja, S kwa sifuri na K kwa kasoro. Kuhesabu kunakwenda hivi:

moja: M
mbili: MK (tatu kasoro moja)
tatu: MS
nne: MM (tatu na moja)
tano: MKK (tisa, kasoro tatu, kasoro moja)
sita: MKS (tisa kasoro tatu)
saba: MKM (tisa, kasoro tatu, na moja)
nane: MSK (tisa kasoro moja)
tisa: MSS
kumi: MSM (tisa na moja)

Arobaini na saba yetu ya machungwa sasa ni MKKMK: themanini na moja, kasoro ishirini na saba, kasoro tisa, na tatu, kasoro moja. Atakaye na apige hesabu.

Mfumo huu una sifa ambazo msingi kumi hauna. Kwanza, namba hasi haihitaji alama ya ziada. Badilisha kila M iwe K na kila K iwe M, na MKKMK yako ni KMMKM, yaani hasi arobaini na saba. Mkopo na akiba vinaandikwa kwa tarakimu zilezile. Pili, kukadiria ni kukata mkia tu. Kata tarakimu ya mwisho ya 47 na usome MKKM katika nafasi zake: unapata 48, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi kati ya namba zinazogawanyika kwa tatu. Kata mbili, unapata 45, iliyo karibu zaidi kati ya zinazogawanyika kwa tisa. Mwanahisabati wa Marekani Donald Knuth, katika kitabu chake mashuhuri juu ya sanaa ya kuandika programu za kompyuta, ameusifu mfumo huu kwa uzuri wake kati ya mifumo yote ya namba.

Lakini hapa mwanaisimu ana kazi, na kazi yenyewe si ndogo. "Tisa kasoro tatu na moja" ni ngapi? Ikiwa kasoro inatawala "tatu" peke yake, jibu ni saba. Ikiwa inatawala "tatu na moja" kwa pamoja, jibu ni tano. Utata huu si mgeni. Kila mwenye kuandika hundi kwa Kiswahili ameukuta katika "elfu ishirini na tano", ambayo yaweza kuwa 25,000 au 20,005, ndiyo maana wengine hupendelea "ishirini na tano elfu". Ni utata uleule wa mipaka ya kirai. Kwa namba za mizani napendekeza kanuni moja: "na" na "kasoro" zitawale jina moja tu linalozifuata, na kila nafasi ibebe neno lake. Saba ni tisa, kasoro tatu, na moja. Tano ni tisa, kasoro tatu, kasoro moja. Kanuni hiyo ikishikwa utata unatoweka, wala hatukuazima chochote.

5.0 Mashine za Msingi Tatu

Yawezekana mtu akasema haya ni mafumbo ya kupitishia wakati. Historia inasema vingine.

Mwaka 1840, Mwingereza Thomas Fowler, mkazi wa mji mdogo wa Great Torrington katika jimbo la Devon, alitengeneza kwa mbao mashine ya kupiga hesabu iliyotumia msingi tatu wa mizani. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alichoshwa na mahesabu marefu ya michango ya kuwasaidia maskini katika eneo lake, akatafuta njia fupi. Mashine yenyewe haikudumu. Tunaifahamu hasa kwa maelezo yaliyoandikwa na watu wa zama zake, akiwamo mwanahisabati Augustus De Morgan.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1958, kikundi kilichoongozwa na Nikolay Brusentsov katika Chuo Kikuu cha Moscow kilikamilisha kompyuta iliyoitwa Setun, kwa jina la mto ulio karibu na chuo hicho. Ilifanya kazi kwa msingi tatu wa mizani. Kiwanda cha Kazan kilitengeneza kompyuta za aina hiyo zipatazo hamsini hadi ulipofika mwaka 1965 uzalishaji ukasitishwa.

Kwa nini msingi tatu uliwavutia wahandisi? Tufikirie chombo chenye magurudumu ya tarakimu, kama kile cha gari kinachohesabu kilometa, kinachotakiwa kuonyesha kila namba kuanzia 0 hadi 999,999. Kwa msingi kumi yatahitajika magurudumu 6 yenye tarakimu 10 kila moja, jumla tarakimu 60. Kwa msingi mbili yatahitajika magurudumu 20 yenye tarakimu 2, jumla 40. Kwa msingi nne magurudumu 10 yenye tarakimu 4, jumla 40. Kwa msingi tatu magurudumu 13 yenye tarakimu 3, jumla 39. Kwa kipimo hiki wanahisabati wameonyesha kwamba msingi ulio bora kinadharia ni takribani 2.718, na namba kamili iliyo karibu nao ni tatu.

Hata hivyo kompyuta zilizoenea duniani ni za msingi mbili. Ni rahisi zaidi kutengeneza kifaa cha umeme chenye hali mbili zilizo mbali, kuwaka na kuzimika, kuliko chenye hali tatu, na viwanda vilipokwisha kuzoea kutengeneza vifaa vya aina hiyo kwa mamilioni, bei ikashuka, na mshindani akakosa nafasi. Mfumo ulioenea si lazima uwe ndio uliokuwa bora kwa kila kipimo. Wanafunzi wa historia ya lugha wanalijua hilo.

6.0 Haya Yanakihusu Vipi Kiswahili?

Katika Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza mamoja, makumi na mamia kwa Kiswahili. Afikapo sekondari hukuta somo hilohilo kwa Kiingereza. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba Kiswahili kinatosha kwa hesabu za sokoni, ila hakitoshi kwa hisabati ya kinadharia. Mfano wetu wa leo unapima hoja hiyo kwa jambo moja mahususi.

Tumepata nini? Tumekuta kwamba maneno tarakimu, nafasi, thamani, salio na msingi yanatosha kuueleza mfumo. Tumekuta kwamba kiambishi ma- cha wingi, ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakijua, kinaweza kuzaa majina ya nafasi za msingi wowote. Tumekuta kwamba "kasoro" inabeba dhana ya tarakimu hasi. Na tumekuta mahali pawili penye upungufu wa kweli: utata wa "msingi wa tatu" na utata wa mipaka ya "na". Upungufu huo hautibiwi kwa kuhamia lugha nyingine. Hutibiwa kwa kanuni, na kanuni za namna hiyo ndiyo kazi ya vyombo vya istilahi na ya watu kama ninyi.

Sisemi kwamba istilahi zikiwapo basi kazi imekwisha. Wataalamu wetu wamekwisha kutunga orodha nyingi nzuri za istilahi, na baadhi yake zimebaki kabatini kwa kukosa walimu wa kuzitumia mbele ya wanafunzi. Neno la hisabati hukomaa kwa kuulizwa maswali. Mwanafunzi akinyamazishwa, neno nalo linabaki changa.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilianza na deni, naomba nimalize kwa kulilipa, ijapokuwa mdai hayumo humu ukumbini.

Kama ningerudi katika darasa lile ningemjibu hivi: Mwanangu, kumi haiwezi kuwa ndogo kuliko nne, na umefanya vema kukataa. Kumi ni wingi wa vidole vyako, na itabaki hivyo katika kila msingi. Nilichokiandika ubaoni si kumi. Ni tatu moja, bila mamoja. Mimi ndiye niliyekupa alama bila kukupa jina lake, ukalazimika kutumia jina la jirani. Haya, sasa njoo ubaoni uwaandikie wenzako kumi ya kweli kwa msingi tatu.

Naamini angekuja, angefikiri kidogo, na angeandika 101: tisa moja, matatu hakuna, na moja.